Dola 40 za Kuisubiri Falcon Heavy: Uwanja wa Ukingoni, Titusville

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa niliporudi kazini baada ya kwenda kuitazama Falcon Heavy, roketi ya kampuni ya SpaceX, ikirushwa kwa mara ya kwanza. Dola 40 kwa gari, muwe mmoja au watano. Kwa fedha hiyo unapata sehemu ya kuegesha kwenye majani, viti viwili vya plastiki, na ruhusa ya kukaa ukingoni mwa Indian River pale Titusville, Florida, kuanzia saa moja asubuhi mpaka utakapoamua kuondoka. Jina la uwanja sitalitaja. Ni wa familia, hawana hata bango la maana barabarani, na yote nitakayosema kuhusu spika yao na vyoo vyao nimeshawaambia wenyewe uso kwa uso.

Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na miwili. Tuliondoka Savannah saa saba usiku, tukaifuata barabara ya I-95 kusini, tukafika kabla ya jua kuchomoza na kukuta magari kama arobaini yameshapanga foleni langoni. Ilikuwa Jumanne, 6 Februari 2018. Safari ilikuwa ya kwake, mimi nilikuwa dereva. Tangu mwishoni mwa Desemba, ilipotoka picha ya gari jekundu la Elon Musk, mwanzilishi wa SpaceX, limefungwa ndani ya pua ya roketi, mtoto huyu hakuwa na jambo jingine la kuzungumza. Na tulipokuwa njiani, kwenye kituo cha mafuta, akanionyesha kwenye simu picha mpya: ndani ya gari sasa kuna sanamu ya mtu iliyovishwa suti nyeupe ya mwanaanga, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeegemezwa mlangoni kama mtu anayetoka matembezi ya jioni.

"Mjomba, wamempa jina. Anaitwa Starman."

Mimi ni fundi wa kuchomelea, bandarini, mwaka wa kumi na nne sasa. Kilichonitoa kitandani ni ile roketi zaidi ya gari. Falcon Heavy ni roketi tatu za aina ya Falcon 9 zilizofungwa ubavu kwa ubavu, kila moja na injini tisa, jumla injini 27 zinazotakiwa kufanya kazi kwa pamoja. Urefu mita 70. SpaceX waliitangaza mwaka 2011 na wakatarajia iruke 2013. Anayeshangaa miaka yote hiyo imekwenda wapi, aangalie pale zinapoungana. Ukichukua vyombo vitatu ambavyo kila kimoja kilibuniwa kusimama peke yake, ukavifunga pamoja, nguvu zote za vile vya pembeni zinapita kwenye viungo na kuingia kwenye kile cha kati. Hicho cha kati hakiwezi kubaki kilivyokuwa. Elon Musk mwenyewe alikiri mwaka 2017 kwamba kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani mwanzoni, na kile cha kati ilibidi kibuniwe upya na kuimarishwa. Niliposoma hayo nilitikisa kichwa, kwa sababu kila fundi ameshapata mteja anayesema, "Si unaunganisha tu?"

Vile vya pembeni, kwa taarifa, havikuwa vipya. Vyote viwili viliwahi kuruka mwaka 2016, vikatua, vikakarabatiwa, na sasa vinarudi kazini.

Sasa uwanja wenyewe. Ingawa Indian River inaitwa mto, ni maji ya chumvi, marefu na mapana, yaliyotenganisha mji na Kituo cha Anga cha Kennedy. Kutoka viti vyetu hadi jukwaa la kurushia roketi, 39A, ni kilomita 19 na kitu, maji matupu na nchi tambarare, hakuna mti wala jengo la kukuziba. Kulia unaliona lile jengo kubwa la kuunganishia roketi, mita 160 kwenda juu, na ndilo linalokusaidia kujua uangalie wapi. Ukishalipata, peleka macho kushoto taratibu mpaka uone kijiti cheupe. Nyoosha mkono mbele ya uso wako: roketi nzima, mita zote 70, inafichwa na punje ya ufuta iliyosimamishwa kwenye ncha ya kidole. Mpwa wangu alipoiona mara ya kwanza alinyamaza, kisha akauliza kama hiyo ndiyo yenyewe. Kwa hiyo njoo na darubini. Mwenye uwanja anazo za kukodisha, dola 10, na nakushauri uilipe hiyo kumi kuliko kununua kahawa mbili.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea: uwanja unatazama mashariki, kwa hiyo kuanzia saa sita mchana jua linakuwa mgongoni mwako. Kadiri siku ilivyosonga, ile roketi ilizidi kuwa nyeupe na kuonekana. Waliokaa kwenye madaraja ya upande mwingine walikuwa wakijikinga macho kwa viganja. Sisi tulikuwa tunaona kila kitu.

Asubuhi ilikuwa ya ubishi, na ubishi ulikuwa mzuri. Jirani yetu wa kiti cha kulia, mama mmoja mwalimu mstaafu, alikuwa na hasira na lile gari. Alisema roketi yenye nguvu kuliko zote zinazoruka leo inapeleka gari la tajiri, wakati kuna vyuo vikuu vyenye setilaiti ndogo zilizokaa kabatini zikisubiri usafiri. Nilikuwa upande wake. Kazini kwetu kreni mpya haikabidhiwi mpaka tuipime, na tunaipima kwa vitalu vya zege vyenye uzito unaojulikana. Hata roketi za majaribio kwa kawaida hubeba zege au chuma. Musk alisema mzigo wa namna hiyo unachosha, ndipo akaamua kuweka Tesla Roadster yake mwenyewe. Mimi kuchosha si tatizo langu. Tatizo langu ni kwamba Falcon Heavy inatajwa kuweza kupeleka karibu tani 64 kwenye mzunguko wa chini wa dunia, na Roadster haifiki hata tani moja na nusu. Ukipima kreni ya tani 64 kwa gari dogo, hujaipima.

Mpwa wangu alikuwa akisikiliza huku anachora kwenye daftari lake. Akanivuta shati.

"Mjomba, mwambie bibi kuhusu Ariane."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye unayejua."

Akaeleza mwenyewe, kwa Kiingereza, amesimama wima kama yuko mbele ya darasa. Tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa na setilaiti nne za utafiti za mradi wa Cluster, kazi ya miaka mingi ya wanasayansi wa Ulaya. Haikumaliza dakika moja hewani. Roketi ilipasuka na setilaiti zote nne zikaenda nayo. Halafu akamalizia kwa kusema kwamba kama yeye angekuwa na setilaiti kabatini, asingeiweka kwenye roketi ambayo mwenyewe ameshasema ikitoka tu bila kuharibu jukwaa atahesabu ameshinda.

Na ni kweli, hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema Musk siku zile. Wala hakuficha kwamba uwezekano wa kufanikiwa na wa kulipuka ulikuwa karibu sawa. Yule mama alimtazama mtoto kwa muda, akasema, "Basi wangemuuliza mwenye setilaiti." Nalo ni jibu. Bado naliona ni jibu zuri: kuna chuo kingekubali bahati nasibu hiyo kwa mikono miwili. Lakini baada ya Ariane hasira yangu ilipungua nusu, na nusu iliyobaki iliondoka mwenye uwanja alipopita na kueleza mpango wa safari. Gari halikuwa linapelekwa kwenye mzunguko wa chini. Baada ya kupanda, sehemu ya juu ya roketi ilikuwa ielee saa sita, ipite kwenye mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia, kisha iwashe injini tena na kulisukuma gari kwenye njia ya kulizunguka jua, kufikia umbali wa Mars na kuupita. Kuelea saa sita na bado kuweza kuwaka ni kipimo cha kweli, kwa sababu kuna setilaiti nzito zinazohitaji kupelekwa juu kwa namna hiyohiyo. Uzito haukupimwa, uvumilivu ulipimwa. Hilo nalikubali.

Mwenye uwanja huyo ndiye thamani kubwa ya zile dola 40. Ni mzee wa makamo, kofia ya majani, anatembea kati ya magari na kujibu maswali ya kila mtu bila haraka. Alitukumbusha kwamba SpaceX hawakuanza leo kubeba vitu vya ajabu: mwezi Desemba 2010, chombo chao cha Dragon kiliporuka kwa mara ya kwanza, ndani kulikuwa na gurudumu zima la jibini, na lilirudi salama. Alituonyesha kwa fimbo yake lile jukwaa la 39A na kusema kutoka palepale ndipo Apollo 11 ilipoondoka kwenda mwezini Julai 1969, na chombo cha kwanza cha Space Shuttle, vile vyombo vya anga vilivyorudi na kutumika tena, Aprili 1981, na cha mwisho Julai 2011. Baada ya hapo, alisema, mji huu ulikaa kimya na nyumba nyingi zikawekewa vibao vya kuuzwa. Alipokuwa akisema hivyo hakuwa anatuangalia sisi, alikuwa akiangalia ng'ambo.

Muda wa kurusha ulifunguka saa saba na nusu mchana na ulikuwa ufungwe saa kumi. Kufika saa saba, watu wote walikuwa wamesimama. Kisha spika ikasema umesogezwa. Upepo.

Mpwa wangu alilowesha kidole mate, akakiinua. "Upepo gani, Mjomba? Maji yenyewe yametulia."

Maji yalikuwa yametulia kweli. Tatizo lilikuwa kilomita nyingi juu ya vichwa vyetu, ambako upepo hubadilisha kasi kutoka tabaka moja hadi jingine, na chombo kirefu kinachopita hapo kwa kasi kubwa hupigwa ubavuni. Wanarusha maputo kuupima, wanasubiri, wanarusha mengine. Nilimweleza kwa mfano wa bomba refu: ukilibeba begani hakuna shida mpaka mtu alisukume upande mmoja. Hapo tena nilikuwa nafikiria vile viungo.

Wakasogeza tena. Na tena. Kila mara spika ilipokwaruza, uwanja mzima ulinyamaza, hata watoto wachanga ungedhani wameelewa, na kila mara tuliketi tena. Sijui nitaielezaje hali ile kwa mtu ambaye hakuwepo. Haikuwa kuchoka. Ilikuwa kama kungoja nje ya chumba cha kujifungulia, ambapo kila mlango ukifunguka unasimama. Saa nane hivi, gari la mkono wetu wa kushoto, baba, mama na wavulana wawili, liliwashwa. Baba alisema kwa saa hizi kitaahirishwa mpaka kesho na yeye kesho ana zamu. Wavulana walitazama nyuma kupitia kioo mpaka gari likatoka langoni. Nimewafikiria mara nyingi tangu siku ile.

Mpwa wangu hakutikisika, kwa sababu alikuwa na daftari. Humo alikuwa ameandika orodha ya hatua: dakika 85 kabla, mafuta ya taa yaanze kuingia, dakika 45, oksijeni ya majimaji, dakika 7, injini zianze kupozwa. Aliniambia nisisikilize saa zinazotangazwa, nisikilize mafuta.

"Wakianza kujaza mafuta ya taa, Mjomba, ujue wameshakubaliana na upepo."

Saa nane na dakika ishirini na kitu, spika ikasema wameanza kujaza, muda mpya ni saa kumi kasoro robo. Mtoto alipiga mstari kwenye daftari kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Oksijeni ilipoanza kuingia, tuliona kwa darubini mvuke mweupe ukitoka ubavuni mwa kile kijiti. Oksijeni hiyo imepozwa sana na haipendi kusubiri, inapata joto kila dakika. Kwa hiyo kuanzia hapo hakuna tena kusogeza kidogokidogo. Ni kuruka au kurudi nyumbani, na robo saa tu inabaki kabla ya muda kufungwa. Mama mwalimu alikuwa ameshika mkono wa mpwa wangu. Sikuona walipoanza kushikana.

Hapa ndipo lawama yangu kubwa inapoingia, na nataka kila atakayekwenda aisome mara mbili. Spika ya uwanja ilikuwa ikirusha sauti ya matangazo ya intaneti. Matangazo ya intaneti huchelewa. Sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, na hakuna aliyetuambia. Watu mia kadhaa walikuwa wameinamisha vichwa upande wa spika, wakihesabu nayo kwa sauti, wengi macho yao yakiwa kwenye simu wakiandaa kamera. Spika ilikuwa bado kwenye ishirini na kitu.

"Mjomba! Moshi! Mjomba, imewaka!"

Nikageuka. Chini ya kile kijiti wingu jeupe lilikuwa limeshafunguka pande mbili, na katikati yake kulikuwa na moto mkali wa rangi ya dhahabu, mkali kiasi kwamba mkono wangu ulipanda wenyewe kutafuta miwani ya kuchomelea. Na kimya. Kimya kabisa. Kijiti kilianza kupanda juu ya moto ule bila sauti yoyote, huku nyuma yetu spika ikiendelea kuhesabu kumi na tano, kumi na nne, kama vile bado hakijaondoka. Kwa umbali ule sauti inahitaji karibu dakika nzima kuvuka maji. Waliokuwa wanamwamini mtangazaji walikosa sekunde za kwanza, zile walizozisubiri tangu alfajiri. Nusu ya uwanja iliinua macho roketi ikiwa tayari imeuacha mnara.

Kisha sauti ikaja. Iligusa kwanza nyayo, halafu kifua, halafu masikio. Ilikuwa ya kupasuka-pasuka, mfululizo, kama turubai la lori linachanwa na halifiki mwisho. Nilikuwa nikiangalia viungo. Najua kwa kilomita 19 hakuna mtu anayeona viungo, lakini nilikuwa nikiviangalia. Vilipofikia wakati wa kuachana na vyombo vya pembeni vikaondoka kila kimoja upande wake kwa utulivu, niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kupumua.

Dakika nane baada ya kuruka, vile viwili vilirudi vikishuka pamoja upande wa kulia, juu ya Cape Canaveral, moto chini ya kila kimoja, vikatua karibu kwa mpigo mmoja. Macho yalikuwa yameshamaliza kazi ndipo mishindo ilipotufikia, mizito, mmoja juu ya mwingine. Kile cha kati hakikuwa na bahati: kati ya injini tatu zilizotakiwa kuwaka ili kitue iliwaka moja tu, na kikaanguka baharini kando ya meli ambayo kilitakiwa kutua juu yake. Hilo tulilijua baadaye.

Mengine ya uwanja kwa ufupi. Vyoo vya plastiki vilikuwa vitatu kwa watu mia kadhaa, na kufika saa nane viwili havikuwa vya kuingilika. Chakula cha kununua kiliisha saa saba, kwa hiyo beba chako. Kivuli hakuna. Kutoka ni mateso: lango moja, magari yote, na barabara ya US-1 imesimama. Ilituchukua zaidi ya saa mbili kufika I-95.

Katika foleni hiyo mpwa wangu alikuwa na simu mapajani. Kamera zilizofungwa kwenye Roadster zilikuwa zikirusha picha moja kwa moja: boneti jekundu, mgongo wa Starman, na dunia ya bluu ikipita polepole nyuma ya kioo cha mbele. Kwenye dashibodi kulikuwa na kigari kidogo cha kuchezea, Roadster ndogo nyekundu, na kisanamu ndani yake. Aliniomba nisiwashe redio. Alitazama mpaka chaji ikafika asilimia nne, akanipa simu yangu, akalala.

Nitakwenda tena, na nitalipa dola 40 zilezile kwa mzee yuleyule, kwa ajili ya mandhari, kwa ajili ya maelezo yake, na kwa ajili ya kusubiri pamoja na watu wanaonyamaza spika inapokwaruza. Namba yake ya simu ninayo. Nikipiga, la kwanza nitakalomuuliza ni kama ameirekebisha ile spika, na la pili, kama ameongeza vyoo.